Gari likigongwa, unadai kwa nani? Bima kubwa na bima ndogo kwa mwenye gari wa Kigoma na Tabora

Anayekwenda kukata bima huulizwa na wakala swali moja: ndogo au kubwa? Wengi hujibu kwa kuangalia bei. Swali lililojificha hapo ni jingine kabisa: siku gari litakapoumia, utabisha hodi kwa nani? Mwenye bima ndogo atakwenda kwa kampuni ya aliyemgonga, na kabla ya kulipwa atatakiwa aonyeshe kwamba kosa lilikuwa la yule mwingine. Mwenye bima kubwa atakwenda kwa kampuni yake mwenyewe, kosa liwe la nani. Tofauti za bei, muda na wingi wa karatasi zinaanzia hapo.

Nchi ambako kosa haliulizwi

Anayetafuta habari za fidia mtandaoni hukutana na maelezo kwamba baada ya ajali utalipwa na bima yako bila kujali nani alikosea. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini ni ya kwingine. New Zealand ilianzisha mfuko wake wa taifa wa majeruhi mwaka 1974, na aliyeumia hutibiwa na kufidiwa na mfuko huo bila kesi ya kutafuta mkosaji. Katika jimbo la New York, Marekani, kila gari lina kinga ya kuanzia dola 50,000 kwa matibabu na kipato kilichopotea, na taarifa inatakiwa iifikie kampuni ya bima ndani ya siku 30. Florida kinga hiyo ni dola 10,000, na majeruhi asiyemwona daktari ndani ya siku 14 huipoteza. Hata huko, mambo hayo ni ya mwili wa mtu. Uharibifu wa gari mara nyingi hufuata njia nyingine.

Tanzania haina mfumo huo. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimisha mwenye chombo awe na bima dhidi ya kifo na majeraha atakayowasababishia wengine, na madai ya fidia yanasimama juu ya uzembe wa dereva fulani. Kwa hiyo hapa kwetu kosa lazima lithibitishwe. Kinachokaribia kulipwa bila kuulizwa kosa ni bima kubwa, tena kwa upande wa gari tu.

Bima ndogo: unasubiri mlango wa mwenzako ufunguke

Kwa gari dogo la binafsi ada ya bima ndogo inajulikana: shilingi 100,000 na VAT ya asilimia 18 juu yake, jumla 118,000 kwa mwaka. Fedha hiyo hailindi gari lako hata kidogo. Inamlinda yule utakayemgonga. Ukigongwa wewe, unakuwa "mtu wa tatu" katika mkataba wa mwenzako, na dai lako linapita njia ndefu.

Njia hiyo huanzia pale pale barabarani. Piga picha kabla magari hayajasogezwa: pande zote nne za kila gari, namba za usajili, alama za matairi, vioo vilivyomwagika, na upana wa barabara. Chukua leseni ya dereva mwenzako uipige picha, pamoja na namba ya stika yake ya bima na jina la kampuni. Ita trafiki. Kwenye vipande kama vile kati ya Kaliua na Uvinza mtandao wa simu unaweza kukosekana, kwa hiyo anza na picha, kisha mtume mtu asogee hadi simu ishike. Usiache eneo bila mtu wako, maana alama zikifutwa na lori linalopita, mchoro wa askari utategemea maneno ya aliyewahi kusema.

Askari atapima na kuchora mchoro wa ajali, gari litakaguliwa, na mwisho itatolewa PF90, ripoti ya polisi inayosema ajali ilitokeaje na nani alikosea. Hapa ndipo muda unapopotea. Mkosaji akikubali kosa na kulipa faini ya trafiki, ambayo kwa kosa la kawaida ni shilingi 30,000, jambo huwa jepesi, na nakala ya karatasi hiyo ya faini ni ushahidi utakaouhitaji. Akikataa, suala linakwenda mahakamani, na kampuni yake ina haki ya kusema itasubiri hukumu. Wenye magari wengi huchoka katika hatua hii, wakatengeneza gari kwa fedha zao na kuacha dai lifie njiani.

Ukishapata karatasi, unaiandikia kampuni ya mkosaji barua ya madai. Ambatisha PF90, mchoro, ripoti ya ukaguzi, nakala ya kadi ya gari, leseni ya aliyekuwa akiendesha, picha, na makadirio ya gereji. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa urudi nayo. Kampuni itamtaka mteja wake naye ajaze fomu ya madai, na mteja huyo mara nyingi hujificha kwa kuogopa kupoteza punguzo la ada analopewa kwa mwaka asiodai au kwa sababu hana haraka yoyote. Kampuni haiwezi kumlazimisha kwa simu yako. Mwandikie yeye pia, umkumbushe kwamba asipotoa taarifa kampuni yake inaweza kumrudishia mzigo wote yeye mwenyewe. Barua hiyo huwaamsha wengi.

Njia hii ina faida mbili ambazo wakala hazitaji, kwa sababu haziuzi chochote. Kwanza, mtu wa tatu hakatwi ekisesi, yaani ile sehemu ya hasara ambayo mteja hubeba mwenyewe. Pili, unaweza kudai hasara ya siku gari lilipokaa gereji. Kama ni pikapu ya kubebea mawese kutoka Simbo au Noah ya kukodisha, siku 20 bila kazi ni fedha nyingi, na mkosaji anawajibika nazo ukiwa na kumbukumbu za mapato. Andika mapato yako tangu sasa, hata kwenye daftari la shule. Dai la kipato lisilo na maandishi hukatwa la kwanza.

Kwa upande mwingine, bima ndogo ina kikomo cha mali, yaani kiasi cha juu itakacholipa kwa mali iliyoharibiwa, kilichoandikwa ndani ya mkataba, na kikomo hicho hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Ukigongwa na mwenye kikomo kidogo, kinachozidi unamdai dereva au mmiliki mwenyewe. Na madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3 tangu ajali. Kuendelea kupiga simu na kuahidiwa hakusimamishi saa hiyo.

Kuna ajali ambazo njia hii haina mlango kabisa. Aliyekugonga akakimbia usiku. Aliyekugonga hana bima wala mali ya kukulipa. Gari limeacha barabara kwa tope la masika kwenye njia ya vumbi kuelekea kijijini. Umekwepa ng'ombe kati ya Nzega na Igunga ukaingia mtaroni. Mti umeangukia gari lililoegeshwa. Hapo mwenye bima ndogo analipa mwenyewe kila shilingi, na kwa barabara za mikoa hii miwili ajali za namna hiyo si za nadra.

Bima kubwa: unadai kwako, wao ndio watafutane

Bima kubwa hukadiriwa kwa thamani ya gari. Kwa gari la binafsi kiwango kilichozoeleka ni asilimia 3.5 ya thamani, kisha VAT. Chukua gari la shilingi 12,000,000: asilimia 3.5 ni 420,000, VAT 75,600, jumla 495,600. Ukitoa 118,000 ya bima ndogo, ambayo tayari imo ndani yake, unalipa 377,600 zaidi kwa mwaka ili kununua haki ya kudai nyumbani kwako.

Utaratibu wake ni mfupi. Toa taarifa kwa kampuni au wakala mara tu baada ya ajali. Usingoje PF90, hiyo itafuata. Jaza fomu ya madai, peleka makadirio ya gereji, na usiguse gari mpaka mkadiria hasara alione. Akishakubali gharama, kampuni inaidhinisha matengenezo, gereji inalipwa au unalipwa wewe, na unasaini hati ya kukubali malipo. Kama kosa lilikuwa la mwingine, kampuni yako inachukua nafasi yako na kumfuata mkosaji na kampuni yake. Zile barua na kusubiri mahakama ni kazi yao sasa.

Bado karatasi za polisi zinahitajika. Watu hudhani bima kubwa inafuta polisi. Haifuti. Inachofuta ni ulazima wa kushinda hoja ya kosa kabla gari halijaingia gereji.

Sasa makato. Tuseme mkataba unasema ekisesi ni asilimia 10 ya dai, isipungue 200,000. Matengenezo yakiwa 2,400,000, unabeba 240,000, kampuni inalipa 2,160,000. Kiasi hicho kimoja kinazidi tofauti ya ada ya miaka mitano. Lakini gharama ikiwa 250,000, utabeba 200,000 na kulipwa 50,000, huku ukipoteza punguzo la mwaka usiodai. Dai dogo namna hiyo halifai kupelekwa kwa kampuni yako. Kama mkosaji anajulikana na ana bima, lipeleke kwa kampuni yake. Hata ulipodai kwa kampuni yako, ile ekisesi uliyobeba unaweza kumdai mkosaji, kwa hiyo tunza risiti.

Kinachowaumiza wengi zaidi ni thamani iliyoshushwa ili ada iwe ndogo. Gari lenye thamani ya 16,000,000 likiandikwa 12,000,000, umelikatia bima robo tatu tu. Ukipata hasara ya 4,000,000, kampuni inaweza kukulipa kwa uwiano huo, yaani 3,000,000, kisha itoe ekisesi. Uliokoa 165,200 kwenye ada, ukapoteza milioni. Kupandisha thamani nako hakusaidii, maana gari likiharibika lote unalipwa bei ya soko ya siku ile, siyo namba uliyoandika. Fanya tathmini kila unapokata upya.

Bima kubwa kwa kawaida hailipi siku ambazo gari limekaa gereji, isipokuwa umenunua nyongeza hiyo. Na kwa Kigoma na Tabora siku hizo ni nyingi. Taa, bampa ya mbele au redieta ya gari lililopita Dar es Salaam mara moja tu lilipoingia nchini huagizwa huko huko au Mwanza, na kuja kwa basi au lori. Uliza nyongeza ya hasara ya matumizi inagharimu kiasi gani kabla ya kuipuuza.

Uliza pia kikomo cha kuvuta gari. Mkataba unaweza kutoa kiasi kinachotosha kuvuta kutoka Kariakoo hadi Tegeta, lakini ajali ikitokea karibu na Daraja la Kikwete pale Malagarasi, gari la kuvuta litatoka Kigoma mjini au Tabora, na utalipia kwenda na kurudi. Kikomo hiki huongezwa kwa ada ndogo ukikitaja mapema. Tunashangaa jinsi watu wachache wanavyokitaja.

Yanayoharibu dai, liwe kubwa au dogo

Kumalizana kando ya barabara. Mkiandikiana karatasi kwamba "tumesameheana, kila mtu atengeneze lake", umefuta haki yako ya kumdai mkosaji, na pia umeinyang'anya kampuni yako haki ya kumfuata. Kampuni inaweza kukataa dai la bima kubwa kwa sababu hiyo peke yake. Vivyo hivyo usiahidi kulipa na usikiri kosa mbele ya mwenzako. Eleza lililotokea kwa askari, basi.

Kubeba abiria kwa gari la binafsi. Magari ya mchomoko yanayojaza watu kutoka Kigoma kwenda Kasulu, au Tabora kwenda Urambo, mengi yana bima ya matumizi binafsi. Ajali ikitokea na abiria wamelipa nauli, gari limetumika nje ya mkataba. Kampuni italikataa dai la gari lako, na ikilazimika kuwalipa majeruhi inaweza kukugeukia wewe irudishiwe. Kama gari linabeba abiria, kata bima ya biashara. Ni ghali zaidi, lakini ndiyo bima unayoihitaji.

Kadi yenye jina la aliyekuuzia. Umenunua gari miaka miwili iliyopita, hujabadilisha umiliki TRA, umekata bima kwa jina lako. Siku ya dai kampuni itauliza una haki gani juu ya gari la mtu mwingine. Badilisha jina kwanza.

Leseni iliyokwisha au isiyo na daraja la gari husika, pombe, kuzidisha mzigo, na matengenezo yaliyofanywa kabla ya ukaguzi: haya yanajulikana, na bado kila moja huangusha madai. La matengenezo ndilo la kusikitisha zaidi, kwa sababu mwenye gari huwa hana kosa lolote ila haraka ya kurudi kazini.

Ukigongwa na gari la Serikali, dai linawezekana, ila likifika hatua ya kushtaki lazima utoe notisi ya siku 90 kwanza. Zihesabu ndani ya ule ukomo wa miaka 3.

Kampuni ikikataa au ikinyamaza, itake itoe sababu kwa maandishi. Jibu lisiporidhisha, yako malalamiko kwa TIRA, ambayo ndiyo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kote huko utaulizwa zile barua zenye mhuri wa kupokelewa.

Kwa wa Kigoma: magari yanayovuka Manyovu

Gari lenye namba za Burundi likikugonga Buhigwe au mjini Kigoma, tafuta Kadi ya Njano ya COMESA kwa dereva huyo. Kadi hiyo inaifanya bima yake ya kwao iwajibike kwa watu wa tatu wa hapa, kwa sheria za hapa, na dai hupitia ofisi ya mpango huo nchini. Piga picha kadi yenyewe, pande zote, kabla gari halijarudi mpakani. Wewe ukivuka, kata kadi hiyo kwa kampuni yako. Ila ujue inawahusu utakaowagonga huko na matibabu ya dharura, siyo bati la gari lako. Mwenye bima kubwa anayetaka gari lake lilindwe ng'ambo aombe mkataba wake upanuliwe kwa maandishi kabla ya safari.

Mwili wako

Dereva aliyesababisha ajali si mtu wa tatu. Bima ndogo haimtibu, na bima kubwa, kama haina kipengele cha ajali binafsi, nayo haimtibu au humpa kiasi kidogo sana. Abiria wa gari la binafsi nao hutegemea maneno ya mkataba, kwa hiyo soma ukurasa unaowahusu. Hapa ndipo tunapokosa ule mfumo wa New Zealand. Kinachoziba pengo ni bima ya afya na nyongeza ya ajali binafsi, ambayo kwa kawaida ni nafuu ukiilinganisha na ada ya gari lenyewe. Kwa anayesafiri kila wiki kati ya Tabora na Kigoma, tungeipa nyongeza hii nafasi ya kwanza, mbele hata ya nyongeza za kioo cha mbele na redio.

Majeruhi apelekwe hospitali kwanza, iwe Maweni au Kitete au kituo cha karibu, na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ifuatiliwe haraka. Dai la majeraha litataka PF3, taarifa ya daktari na kila risiti ya dawa. Kwa aliyefariki, ndugu watahitaji hati ya kifo na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na wengi huchelewa kwenye hiyo ya pili.

Basi ukate ipi?

Gari la mkopo, au gari ambalo likipotea huwezi kununua jingine ndani ya mwaka: kubwa. Gari linalokwenda masafa ya mkoa kwa mkoa, hasa usiku: kubwa, pamoja na kikomo cha kuvuta kilichoongezwa. Gari la biashara: kubwa ya biashara, na hasara ya matumizi.

Gari la 4,000,000 linalozunguka Ujiji na Mwanga tu ni jambo jingine. Kampuni nyingi zina ada ya chini kabisa, baadhi husita kuchukua magari yenye umri mkubwa, na ekisesi yenye kima cha chini humeza madai madogo. Hapo bima ndogo na nyongeza ya ajali binafsi inatosha, mradi kiasi ulichookoa ukiweke kando kwa ajili ya bati.

Upo pia mkataba wa katikati, unaojumuisha bima ndogo pamoja na moto na wizi. Kwa pikipiki na magari yanayolala nje una maana. Kwa ajali za barabarani hauongezi chochote, na asikudanganye mtu.

Ukishalipa, usiondoke na stika tu. Ingiza namba ya gari au ya stika kwenye mfumo wa mtandaoni wa TIRA MIS hapo hapo mbele ya wakala, uone jina lako, aina ya bima, matumizi ya gari na tarehe ya mwisho. Kama mfumo hauonyeshi bima yako, usihesabu kwamba unayo, hata kama risiti iko mkononi. Kama matumizi yameandikwa binafsi na wewe unabeba mizigo, yarekebishwe kabla hujawasha gari.